Maman Maulizo na Namba ya Nyumba Yetu

Kalamu yake ilikuwa ya bluu, yenye kifuniko, na kifuniko hicho kilikuwa na kazi kubwa kuliko kalamu yenyewe. Maman Maulizo alipokivua, hakuwa tena mtu wa kusalimiana naye. Aliuliza, akaandika, akauliza tena. Ungemwambia umefiwa na mtoto mwaka huo, angeandika. Ungemwambia mume amevuka mpaka kwenda Bukavu na hajarudi, angeandika, kisha angetaka kujua kama unapikia ndani au nje, na kama moshi unatoka vizuri. Alipomaliza swali la mwisho alikirudisha kifuniko mpaka kikalia ta, akazitia karatasi mkobani, ndipo aliposema, "Pole sana ya mutoto, mama." Mara nyingine machozi yalimtoka pale pale, kwa habari aliyoisikia nusu saa nzima iliyopita.

Wasiomjua walisema hana moyo. Nilimwuliza siku moja, maana mimi ni mwalimu na napenda kujua kwa nini mtu anafanya kazi yake namna anavyoifanya. Akaniambia kwamba akisema pole katikati, mwanamke anaanza kumhurumia yeye. Jibu linalofuata linakuwa la kumfurahisha mgeni, si la kweli. "Kalamu ikiwa wazi, miye ni ya karatasi," alisema. "Ikifungwa, miye ni yenu."

Ninaandika habari zake kwa sababu kuna jambo moja la nyumba yetu ambalo yeye peke yake alibaki wa kulieleza. Kulikuwa na namba moja na wanawake wawili: mama yangu mzazi na mdogo wake, ambaye sisi watu wa asili ya Bukavu tunamwita mama leki. Siku moja namba hiyo iliitwa hospitali kwa hofu ya saratani. Ilikuwa ikimwita nani kati yao?

Naomba msomaji anivumilie nieleze kwanza ile kazi yenyewe, kwa sababu hata sisi tuliofuatwa ilituchukua miaka kuielewa.

Walikuja watafiti wakachagua nyumba juu ya vilima vya kwetu Mururu, ng'ambo ya mto Rusizi ukitoka Bukavu, huko Gikundamvura, na kule chini Muganza. Katika kila nyumba walichagua mwanamke mmoja mzima, asiye mgonjwa, wakampa kadi yenye namba. Kila mwaka, baada ya mavuno ya maharage, angeulizwa yale yale: mimba, uzazi, damu ya mwezi, chakula, moshi, dawa, waliougua katika ukoo. Maman Maulizo, mwanamke wa Gikundamvura aliyewahi kuwa msaidizi wa wakunga, ndiye aliyepewa upande wetu. Karatasi zake zilikuwa kwa Kinyarwanda. Kwa familia kama yetu alizigeuza kwa Kiswahili yeye mwenyewe, na akishaligeuza swali hakulibadilisha tena hata neno.

Jambo lililowachanganya wanawake ni hilo la uzima. Mama yangu alimwambia mwaka wa kwanza, "Sisi tuko bazima. Bagonjwa bako kule ku hospitali. Umepotea njia?"

Maman Maulizo hakucheka wala hakukasirika. Alimwonyesha mgomba uliokuwa umenyauka nyuma ya jiko letu. Akamwuliza ulianza lini kunyauka. Mama hakujua. Akamwuliza kama mwaka uliotangulia ulipandwa karibu na mwingine mgonjwa, kama ulikatwa kwa panga lile lile, kama ulipata samadi. Mama hakukumbuka. "Basi," akasema, "angekuwako muntu wa kuandika habari yake wakati ulikuwa muzima, leo tungejua." Nimefundisha watoto miaka mingi, na sijapata kulieleza jambo hilo vizuri zaidi. Wanafuatwa wazima wengi, muda mrefu. Wachache kati yao wataugua. Ndipo mtu anarudi nyuma kwenye karatasi kuona waliougua waliishi vipi tofauti na wasiougua. Kwa hiyo kila karatasi lazima iwe ya mtu mmoja, yule yule, toka mwanzo mpaka mwisho.

Hapo ndipo tulipokosea.

Kwetu kadi ni ya nyumba. Kadi ya mituweli, ile tunayotibiwa nayo, inahesabu nyumba nzima. Jembe ni la nyumba, sufuria ni ya nyumba. Mama alipopewa kadi ya utafiti aliichomeka ukutani pamoja na nyingine, na mwaka ambao Maman Maulizo alikuja akakuta mama ameshuka bondeni, mama leki alijifunga kitenge akaketi akajibu. Kumwacha mgeni aliyepanda kilima kile arudi bila jibu kungekuwa aibu. Mama leki alikuwa mfanyabiashara wa nyanya na sambaza, vile visamaki vya ziwani, leo yuko kwetu, kesho amevuka daraja la Rusizi kwenda kwa mumewe Bukavu. Walifanana na dada yake kwa sura, sauti, hata mwanya wa meno, ingawa walipishana miaka kumi na mitano. Mwaka mmoja alijibu mama, mwaka mwingine mama leki. Walipoulizwa wamezaa mara ngapi, mama leki, ambaye hakuwa na mtoto, alijibu sita, kwa sababu nyumba ilikuwa na watoto sita.

Je, Maman Maulizo hakuona? Nimejiuliza sana. Alikuwa mtu wa mambo yanayopingana. Swali hakulikosea, lakini majina aliyakosea yote. Mimi aliniita kwa jina la dada yangu mpaka nilipopata kazi, ndipo akaniita Mwalimu na kupumzika. Alitaka ukweli wa kila tumbo la Mururu, lakini umri wake mwenyewe aliudanganya waziwazi. Kwa miaka mitatu mfululizo alimwambia mama ana arobaini na nane. Aliwahimiza wote wasiogope sindano, na siku ya chanjo ya homa ya manjano pale kituo cha afya alijificha nyuma ya foleni mpaka muuguzi akamfuata. Kalamu ikiwa wazi hakugusa hata maji. Ikifungwa alikula viazi na maharage ya watu wawili, akaomba vingine vya kwenda navyo.

Alitembea kwa miguu, na mvua ya kilima chetu ilimfundisha kuvaa buti za mpira, nyeusi, kubwa kuliko miguu yake. Mama alimwona akitokea chini ya kichaka cha mikaratusi akasema kila mwaka maneno yale yale: "Mwangalie, buti zimekuja na muntu wake." Naye aliyasikia na hakuonyesha kuyasikia, kwa sababu mara nyingi alipofika uani kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Lakini nataka kusema hili pia. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mama yangu habari za mimba zilizoharibika. Yeye aliuliza, kila mwaka, kwa sauti ile ile kavu: ngapi, miezi mingapi, ulitoka damu siku ngapi. Mama alikuwa na mbili, mimi sikujua. Baadaye mama aliniambia kwamba kuandikwa kwa watoto hao kulimpa amani, kwani sasa walikuwa mahali fulani.

Mwaka wa kumi wa utafiti ililetwa brashi. Ilikuwa ndogo, nyeupe, ndani ya kichupa. Maman Maulizo alieleza kwa subira: mwanamke anaingia chumbani peke yake, anaiingiza ndani ya uke, anaizungusha, anairudisha kichupani, basi. Kule mjini wangetafuta kirusi ambacho kikikaa miaka kwenye mlango wa kizazi kinaweza kuleta saratani. Kuwa nacho si kuwa na saratani, alisema, na akarudia mara tatu. Wengi hukipata, na kwa wengi kinaondoka chenyewe.

Siku hiyo mama na mama leki wote walikuwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimekuja likizo, nikichambua mchele barazani upande wa jikoni. Maman Maulizo aliweka kichupa juu ya kigoda, akageuza kiti chake, akakaa akitazama bonde la Rusizi, mgongo kwa mlango. Ndivyo alivyofanya katika nyumba zote. Hakutaka mwanamke aone aibu kupita mbele ya macho ya mtu akiwa na kitu kama kile mkononi. Nilisikia mlango wa chumba ukifunguliwa, ukafungwa. Baadaye kichupa kilikuwa juu ya kigoda tena, na brashi ndani yake.

Maman Maulizo alikuja baada ya miezi minne bila kuwa msimu wake, kwa hiyo mama hakusema habari ya buti. Namba yetu ilikuwa na kirusi. Iende hospitali ikaangaliwe.

"Ni miye," alisema mama.

"Hapana, yaya, ni miye," alisema mama leki; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Unajua kama ni miye."

"Wewe nyamaza. Bwana yako akisikia una ugonjwa ya kizazi atakufukuza. Miye nimeisha kuzaa."

"Na bale batoto sita, nitabaki nabo miye?"

Wakabishana hivyo hivyo mpaka wote wawili wakalia, na mimi nilikaa katikati nikiwatazama kama mtu anayetazama mpira. Kila mmoja alitaka iwe yake ili isiwe ya mwenzake. Na jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyeonekana kudanganya. Mpaka leo nikifumba macho nawasikia, na kila mmoja nikimsikiliza peke yake namwamini.

Maman Maulizo alikuwa amesimama na kalamu wazi. Ndiyo mara pekee nilipoiona kalamu ile haijui pa kwenda. Aliuliza taratibu, "Miaka ingapi mumekuwa munajibu bawili?" Mama akaenda ukutani akaleta kadi, akamkabidhi kwa mikono miwili, kana kwamba tatizo ni kwamba tulichelewa kuirudisha. Akasema, "Si ni ya nyumba?"

Nieleze ugumu wake, maana kwetu ulionekana mdogo. Angeweza kumchagua mmoja. Mama ndiye aliyeandikishwa mwanzoni. Angempeleka yeye, karatasi ingebaki safi, na kazi yake ya miaka kumi ingebaki safi pia. Lakini kama brashi ilikuwa ya mama leki, basi mama leki angerudi Bukavu na ugonjwa wake. Kuwapeleka wote wawili kulihitaji kuandika sababu. Na sababu ikishaandikwa, wakubwa wangeuliza: nyumba nyingine je?

Alikaa chini. Akaandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti ili tuusikie: "Namba hii ni wanawake wawili, aliyechukua kipimo hajulikani, waangaliwe wote." Kisha kifuniko, ta. Akawaambia wavae, gari la kituo lilikuwa barabarani.

Nilikwenda nao. Muuguzi aliwaita mmoja mmoja, akapaka siki mahali panapohusika, akasubiri kidogo, akatazama kwa taa. Kwa mama leki aliona doa jeupe. Hakuwa na saratani, alituambia, ila lile doa lingeachwa lingeweza kufika huko. Alilichoma kwa chombo cha moto siku hiyo hiyo, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na mama leki akatoka akitembea polepole, ameshika mkono wangu. Kwa mama hakuona kitu. Lakini akaongeza kwamba kwa umri wa mama si rahisi kuona vizuri, na kwamba kutoona doa hakusemi kirusi hakikuwako.

Kwa hiyo tulirudi tukiwa tumechanganyikiwa kuliko tulivyokwenda. Kama brashi ilikuwa ya mama leki, basi namba ilisema kweli na mgonjwa akapatikana. Kama ilikuwa ya mama, basi namba ilimwita mama, na mama leki alipona kwa sababu tu tulikosea kadi miaka kumi. Mama aliendelea kusema ilikuwa yake. Mama leki vilevile. Niliwaomba mara nyingi waseme tu ukweli, hatari imepita. Kila mmoja alisema ndio huo anaousema.

Wakubwa waliuliza kama Maman Maulizo alivyotarajia. Walizunguka nyumba zake zote, wakakuta kadi iliyojibiwa na wifi, kadi ya marehemu iliyorithiwa na mke mpya wa mumewe, kadi ya mama mmoja wa Gikundamvura iliyojibiwa na binti zake kwa zamu. Namba hizo zilifutwa, yetu ikiwa ya kwanza. Namba iliyofutwa haikupata brashi nyingine, kwa hiyo njia ya kujua kwa vipimo ikafungwa hapo. Mwaka uliofuata mkataba wake haukuandikwa upya. Alikuja kutuaga. Mama alimwomba msamaha, yeye akasema kosa ni lake, aliuliza kila kitu isipokuwa "wewe ni nani."

Tulidhani tumemwona kwa mara ya mwisho. Lakini baada ya mavuno ya maharage buti zilitokea tena chini ya mikaratusi. Alikuwa amenunua daftari la shule. Hakuna aliyemtuma. Alisema namba imefutwa, wanawake hawajafutwa. Akamwandikia mama ukurasa wa kushoto na mama leki ukurasa wa kulia, akauliza maswali yale yale, akafunga kalamu, akala. Kila mwaka alimkumbusha mama leki kurudi kuangaliwa, akampeleka mama pia, na muuguzi hakuona kitu kwa yeyote. Mama leki alizaa binti. Maman Maulizo aliandika: mmoja.

Halafu miguu yake ikamshinda kilima, akahamia kwa mpwa wake kule Muganza, karibu na barabara ya malori ya saruji. Nikamwendea mwaka jana, wiki sita baada ya kumzika mama. Daktari alisema mama amekufa kwa presha, na namwamini. Lakini wa kumwuliza jambo la brashi alikuwa amebaki yeye tu, kwani mama leki kwenye matanga alikuwa amelia akisema, "Yaya alichukua ugonjwa yangu akasema ni yake," na mke wa kaka yangu akanikumbusha kwamba mama naye, wiki moja kabla ya kufa, alisema brashi ilikuwa yake.

Nilimkuta uani amekaa juu ya jamvi, mwembamba, majani ya migomba nyuma yake yamepauka kwa vumbi la saruji. Aliponiona tu alimwita mpwa wake alete daftari. Kifuniko kikatoka kabla sijaketi.

"Ukurasa wa kushoto," akasema. "Mama angali anapikia nje?"

"Mama amekufa, Maman."

Akaandika. Akauliza ugonjwa gani, siku ngapi, alitoka damu au la. Nikajibu. Akahamia kulia: mama leki, kazi yake, usingizi wake, mtoto. Nikajibu. Alipofika mwisho akakitafuta kifuniko juu ya jamvi, nami nikamtangulia kwa swali.

"Maman, na miye niko na ulizo. Siku ya brashi, nani aliingia?"

Akaniangalia kama mtu aliyeshangaa nimechelewa. "Miye niligeuka," alisema. "Lakini masikio haikugeuka. Nilisikia kandambili. Pa, pa, pa, mpaka ku chumba. Mama yako alitembeaka miguu chini, bila viatu. Ni mama leki." Akafunua kurasa za nyuma akanionyesha. Kwenye ukurasa wa kulia, kwa wino uliofifia, alikuwa ameandika: brashi, ni huyu. "Walipofuta kazi yangu yote," akasema, "nilijiambia, ile moja ilisema kweli."

Malori mawili yalipita. Kandambili zile nilizijua. Zilikuwa za kijani, kamba moja imeshonwa kwa waya, na zilikaa mlangoni mwa chumba. Chumba kile ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya saruji, na mama hakuruhusu mguu wenye udongo uikanyage. Aliyetoka uani bila viatu alizivaa kuingia, akazivua akitoka. Niliwahi kuzivaa mimi. Alizivaa mama kuliko wote.

Ningeweza kumwachia faraja yake. Ilikuwa imemtosha miaka yote. Lakini mbele yangu kulikuwa na kalamu wazi, na mwenye kalamu hiyo alinifundisha mimi na mama yangu nini kinafanyika kalamu ikiwa wazi.

"Maman," nikasema, "zile kandambili zilikuwa za nyumba."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza sakafu, udongo, mlango. Nilieleza polepole, kama yeye alivyotueleza mgomba.

"Za nyumba," akarudia. "Kama kadi."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa, kumbe anacheka, cheko dogo la mtu aliyechoka. Halafu akainama juu ya daftari. Akakata maneno yale kwa mstari mmoja ulionyooka kuliko nilivyotarajia kwa mkono wa mzee, na juu yake akaandika neno moja: haijulikani. Akalisoma kwa sauti, kama alivyosoma ule mstari wake kwetu Mururu. Akalitazama mpaka wino ukauka.

Kisha akachukua kifuniko. Ta.

"Pole ya mama, Mwalimu," akasema. "Pole sana, mwanangu." Akanishika mikono yote miwili, na sasa machozi yakaja, yale yake ya kuchelewa, na yangu pamoja nayo. Tulipotulia akauliza jambo ambalo halikuwamo kwenye karatasi yake yoyote, wala hakulitafutia kalamu. Alitaka kujua kama mama, mpaka mwisho, alikuwa bado anamcheka zile buti.

Nikamwambia kweli. Siku nne kabla ya kufa, akiwa hawezi tena kuinuka, alisikia mtu akipanda uani kwa kishindo, akageuza kichwa mlangoni akaniuliza, "Zimekuja na muntu wake?"